Darasa Mlangoni pa Meya

PUERTO ROSALÍA, Alhamisi, Agosti 22. Mvua imekatika tangu usiku, jambo ambalo huku kando ya mto Atrato, nchini Kolombia, ambako hunyesha karibu kila siku, huwafanya watu watazame juu kwa wasiwasi. Saa mbili asubuhi haijafika na tayari joto linabana.

Ludys Rentería anatandika mikeka kwenye korido ya manispaa, mbele kabisa ya ofisi ya meya. Watoto kumi na wawili, mkubwa wao ana miaka minne, wanakaa duara. Anawamwagia mbegu za michikichi katikati.

"Kubwa upande huu, ndogo upande ule. Nani anaanza?"

"Mama, hapa si mahali pa kuchezea," anasema mlinzi, Don Fermín.

"Nani anacheza? Hili ni darasa. Hebu sogeza mguu, umekanyaga hesabu."

Mlinzi anasogeza mguu.

Kwa miaka kumi na tisa Ludys amelea watoto katika nyumba yake ya mbao, mtaa wa Loma Mojada, wakati mama zao wakiuza samaki na ndizi gatini. Jumatatu iliyopita alifungiwa. Kosa lenyewe lilianzia kwenye adabu ya mtaa.

Watu wa Loma Mojada husaidiana kwa zamu: leo nakulimia, kesho unanilimia. Desturi hiyo wanaiita mkono kwa mkono. Ludys aliendesha malezi vivyo hivyo. Kila asubuhi mama mmoja alikuja kupika na kubembeleza wachanga, na mwenzake akabaki gatini akimuuzia samaki wake. Tena katika ua ule hakai mtu mikono mitupu, awe mwenyeji au mgeni.

Jumatatu hiyo alikuja mkaguzi wa shirika lililopewa na manispaa mkataba wa malezi. Zamu ilikuwa ya Yadira, muuza samaki, na uji wa nazi ulikuwa unafurika. Yadira akampakatisha mkaguzi mwanawe wa miezi minane.

"Daktari, nishikie huyu, uji unamwagika!" Huku kila mwenye kalamu huitwa daktari.

Mkaguzi akamshika. Hata akamchekesha. Kisha akaandika kwamba mtoto alikabidhiwa mtu asiyejulikana, na kwamba jikoni alikutwa mtu asiyeruhusiwa. Kufikia mchana mlango ulikuwa na kufuli.

"Kumpa mgeni mtoto tulikosea," anasema Ludys bila kuzunguka. "Hilo nimelikubali na tumeshaonyana. Lakini kanuni zao wenyewe zinasema penye wachanga pawe na mtu mzima wa pili. Sawa! Yuko wapi? Nimemwomba miaka yote hii. Nilipomtafuta mwenyewe, ndio nikawa mkosaji!"

Sauti imepanda, mtoto mmoja anageuka kumtazama. Ludys anaishusha sauti. Hasira haishuki.

"Wakitaka kupiga picha, mimi ni mama wa jamii. Nikidai haki zangu, mimi ni mtu wa kujitolea. Mwalimu sijawahi kuwa."

Na cheti cha malezi anacho. Alikisomea jioni, akivuka mto kwa mtumbwi baada ya kurudisha mtoto wa mwisho kwao, akiomba Mungu injini isizime katikati ya maji.

Tangu Jumatatu, Yadira anauza samaki huku mwanawe amelala chini ya meza ya visu. Jirani yake amewafungia wanawe wawili ndani, walindwe na dada yao wa miaka saba.

"Hao ndio waliokingwa na hatari," anasema Ludys. "Mungu anawaona. Na meya naye leo atawaona, maana nimemletea mlangoni."

Saa tano akina mama wanafika na sufuria ya wali na jibini la kukaanga. Makarani wanaruka miguu ya watoto. Hatimaye anatoka katibu wa meya, Olmedo Lerma, mkaguzi akiwa nyuma yake.

"Doña Ludys, tusifikishane huku. Kesho fungua. Sharti ni moja tu: uwe peke yako. Hawa wabaki nje."

"Watoto kumi na wawili, wengine bado wananyonya, na moto uko jikoni. Peke yangu?"

"Ndio utaratibu."

"Daktari, wewe una watoto wangapi?" anadakia Yadira, akimkazia katibu macho.

"Wawili."

"Wanalelewa na nani?"

"Mke wangu... na mama mkwe. Na binti wa kazi."

Korido nzima inalipuka kwa kicheko. Hata Don Fermín anageukia ukutani. Mkaguzi anatazama sakafu.

Ludys hacheki. Akikataa, hana riziki nyingine. Yadira anamvuta mkono.

"Shangazi, kubali tu. Sisi tutajua la kufanya."

"Utajua nini wewe? Umrudishe mtoto chini ya visu?"

Anasimama. Anaweka mkono kifuani, kama afanyavyo kanisani, na kusema kwa sauti inayofika hadi ngazini:

"Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Don Fermín na mbele ya akina mama hawa: mlango ule sitaufungua peke yangu. Tutaufungua wote, majina yetu yote yakiwa kwenye mkataba, na langu liandikwe mwalimu. Mpaka siku hiyo, daktari, darasa ni hapa. Kesho tunaanza saa moja kamili."