Bafu la Mama

Juzi, hapa Rumonge, nilimwona fundi akikaza kichujio kwenye tundu la beseni pana la plastiki, lile la kusimama ndani wakati wa kuoga. Harufu ya gundi yake ikanirudisha utotoni, nyumbani kwetu. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi tena kuteremka ziwani kuoga na wenzake, kwa hiyo baba alimnunulia beseni kama hilo. Alasiri nzima alipiga magoti akiunga bomba la kutolea maji na kupaka gundi.

"Baba Zaina, nataka nioge leo," mama aliita kutoka chumbani.

"Gundi iko mbichi. Kesho utaoga kama madamu wa mjini Buja."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi yake shangazi na majirani walimbeba mama hadi bafuni, wakafunga mlango. Nilisikia harufu ya kafuri, kisha maji yakiteremka katika bomba jipya. Leo najua kwamba alifariki usiku, na walikuwa wanamwosha azikwe. Wakati ule nilimkimbilia baba uani.

"Baba, mama anaoga!"

Alinivuta kifuani.

"Ndiyo, mutoto wangu," akasema. "Anaoga."