Kilichokuwa Mzingani

Baridi ya mwaka ule iliua nyuki wa kijiji kizima cha Ashcombe, ikabakisha wa Hawise tu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ukifa na wenzako utaliliwa. Ukipona peke yako utaulizwa umeponaje.

Hawise alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na mizinga mitano aliyoachiwa na mumewe, ile ya majani ya ngano iliyosukwa kama kapu lililofudikizwa. Mishumaa ya nta yake ndiyo iliyowaka altareni. Hakumwamini mtu. Jirani akija kuomba chumvi, alimsindikiza mpaka nje ahakikishe katoka na chumvi peke yake.

Jirani mwenyewe ni Idony, mke wa mfinyanzi, ambaye nyuki wake walikufa wote. Majani hayajachipua, maneno yakawa yamefika kisimani: Pasaka iliyopita Hawise hakuimeza hostia, mkate mtakatifu wa komunyo. Aliibana shavuni, akaenda kuitia mzingani, na sasa nyuki wake wananenepea mwili wa Bwana. Aliyeona hakuna. Aliyesikia ni kila mtu.

Juma Kuu, Hawise akaenda kuungama. Padri Wystan alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na Pasaka, mwanangu, unataka kukomunika?"

"Kwaresima yote nimekula samaki wa chumvi, Baba, mpaka paka wananifuata. Kwa nini nisikomunike?"

"Watu wanasema."

"Watu wana midomo. Wewe umeona nini?"

"Sijaona. Ndiyo maana nataka kuona. Kesho mizinga ifunguliwe mbele ya watu, la sivyo sikupi komunyo."

Hawise alirudi nyumbani. Mizinga ile haifunguki bila kukata masega, na kukata masega msimu ule ni kuwaua nyuki, na bila nyuki angekula nini? Lakini asiyekomunika Pasaka akifa hazikwi kwenye ua wa kanisa, na mumewe alikuwa kalala mle, kando yake pameachwa nafasi. Usiku kucha alijiuliza nani kamchongea. Jina lilikuja moja tu, ila ushahidi hakuwa nao.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uani kwake, Idony mbele kabisa, kama bibi harusi. Hawise akachukua kisu, akapiga goti penye mzinga wa kwanza.

"Huo uache," Idony akasema. "Anza na ule wa mwisho. Mtazame juu kabisa, katikati ya masega. Itakuwa imefungwa kwenye kitambaa, nyuki wasiitafune."

Hawise akashusha kisu.

"Kitambaa gani, mwenzangu?"

"Kitambaa tu. Si kila mtu anajua?"

"Mimi sijui. Baba Padri, wewe unajua?"

Padri hakujua. Akageuka kumtazama Idony, na watu nao wakageuka.

"Basi tuanze na wako," Hawise akasema. "Nyuki wako wameshakufa, hakuna hasara. Wangu bado wana roho."

"Wangu umeoza, unanuka."

"Tutaziba pua."

"Hamna kitu mle."

"Twende basi tukaone hicho kisichokuwemo."

Idony akaanza kufunga kilemba ambacho hakikuwa kimefunguka. Walipofika uani kwao, mumewe, maskini, ndiye aliyeupasua mzinga kwa mikono yake ili amnyamazishe Hawise. Wakaanguka nyuki wakavu, masega meusi, na kifundo cha kitambaa kilichogandiana kwa gundi ya nyuki. Padri akakifungua. Ndani mlikuwa na kimkate cheupe kilichoota ukungu. Akapiga magoti kwenye tope, na wote wakapiga. Hata Hawise, ila yeye jicho moja aliliacha wazi.

"Nyuki wake wanapona kila mwaka," Idony akasema huku analia. "Nikajua dawa yake ni hiyo. Nami nikafanya."

Kitubio chake kilikuwa kusimama mlangoni pa kanisa kila Jumapili, peku, na mshumaa mkononi, mpaka Pentekoste. Mshumaa ulitoka kwa Hawise, naye alimchagulia mnene, usiishe upesi.

Pasaka Hawise alikomunika. Lakini mizinga yake haikufunguliwa, na hilo watu hawakulisahau. Kisimani wakaanza upya: kama si hostia, basi anawapa nini? Hawise aliwaambia wazi kwamba yeye huikandika mizinga kwa mavi ya ng'ombe mara mbili kabla ya baridi, wao mara moja. Wakacheka. Nani anataka siri iwe mavi?

Basi akabuni lake. Kila Pasaka, akishameza, aliwageukia waliosimama nyuma yake, akafunua kinywa chote, akainua ulimi juu, akavuta shavu hili, akavuta na lile. Hata alipobaki na meno matatu, hata mwaka wa mwisho kabla hawajamlaza kando ya mumewe, alifanya vivyo hivyo. Na kila mwaka, wale waliokuwa karibu naye waliinama kuchungulia.