Sakafu ya Ghala la Kahawa, Nyaishozi

Nasema bila aibu: katika miaka ile ya themanini hakuna jengo la biashara la maana pale Nyaishozi ambalo mkono wangu haukuligusa. Kabla yangu palikuwa na maduka ya miti na udongo, yameezekwa kwa nyasi. Moja tu lilikuwa na bati, na watu walilionyesha kwa wageni. Kahawa ya wakulima ilitunzwa kwenye banda la matete, mchwa wakiyala magunia kwa chini. Ndipo nikarudi mimi, stashahada ya ujenzi ndani ya bahasha ya kaki, suruali imepigwa pasi mpaka mstari umesimama.

Chama cha msingi kilinipa kazi ya ghala jipya la tofali za kuchoma. Kuta zilinyooka, hata waliokuwa wananionea kijicho walikubali. Ikabaki sakafu ya zege, ambayo kwa ukubwa ule ilikuwa ya kwanza kwetu. Mwenyekiti wa chama aliniambia wazi kwamba ikipasuka, nyumba ya mashine ya kusaga, ambayo ndiyo ingefuata, atapewa fundi wa Bukoba. Nikamjibu kuwa sakafu ya mwenye stashahada haipasuki.

Tulimwaga zege kutwa nzima, na kilikuwa kiangazi. Zege changa linataka unyevu wiki nzima, la sivyo linapasuka, kwa hiyo nilipanga kulifunika kwa magunia yaliyolowekwa. Alfajiri yake nikayafuata magunia kwenye banda la zamani. Yote yalikuwa yamejaa kahawa. Msimu ulikuwa umeanza. Nilirudi mbio, nyufa nimeshaziona kichwani.

Mlangoni pa ghala nikakuta wanawake kama kumi, pekupeku, wanacheka. Mbele yao alisimama shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea. Sakafu haikuonekana. Waliifunika yote kwa nyasi mbichi za bondeni, wamezilaza kwa mpangilio uleule wa sebuleni kwetu mgeni anapotarajiwa.

"Shikamoo shangazi. Mmefanya nini humu?"

"Marahaba. Tumekufichia aibu. Nyumba mpya unaiacha uchi, halafu unaita watu?"

Nikapiga magoti nizizoe. Mkono ulipopita chini ya nyasi, nikasita. Zege lilikuwa limelowa, la baridi kama ubavu wa mtungi. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka wakaulizana kama kusoma sana hakujanidhuru. Kisha nikawaomba waongeze nyingine.

Wiki ile ilikuwa sherehe. Kila asubuhi walipanda kutoka bondeni na mizigo inayochuruzika maji, wakiimba kwa Kinyambo, na wenye maduka wakaacha kuuza ili watazame. Mwenyekiti alipokuja kuuliza, nilimweleza kwa sauti ya chuoni kwamba zege huiva kwa unyevu, na kwamba nyasi za bondeni hushika maji kuliko gunia. Shangazi akataka kujua hayo niliyasoma mwaka wa ngapi. Nikasema wa tatu. Akasema yeye aliyamaliza kabla sijazaliwa, na hakupewa bahasha.

Siku ya saba tulizitoa nyasi. Mwenyekiti akatembea kona hadi kona, akiinama, akigonga kwa fimbo. Karibu na mlango alikuta alama ya unyayo, vidole vyote vitano, na kila mtu akamtazama shangazi, naye akatazama dari. Ufa hakuuona hata mmoja. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama mwanambuzi.

"Nyumba ya mashine unaanza lini, fundi?" aliniuliza.

"Jumatatu."

"Jumanne," akasahihisha shangazi. "Jumatatu tunakata nyasi."

Mwenyekiti akaandika Jumanne.