Mkojo Uliopikwa Baraka

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, miguu yangu ilivimba nikaogopa kuitazama. Mama mkwe alinitelemsha kutoka kwetu Fizi, milimani, mpaka zahanati ya Baraka, kando ya ziwa, tukafikia kwa dada yake. Munganga, yaani muuguzi wa pale, akaniambia nilete mkojo wa asubuhi ndani ya chupa.

Mama mkwe akakunja uso. Kwetu mwenye mimba hampi mtu mkojo wake. Anakojoa penye migomba na kufukia kwa mguu, maana mchawi akiupata, amempata na mtoto. Asubuhi akanipokonya chupa, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akarudi nayo imejaa.

"Mi nimeshazeeka," akasema. "Kama bataloga, baloge mi."

Nilipaswa kukataa. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, nami nilikuwa mwoga kuliko kuku.

Munganga alimimina mkojo katika kichupa chembamba cha kioo, akakishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akatufundisha bila kuulizwa. Figo huchuja damu kama sisi tunavyochekecha unga wa muhogo: taka zinatoka, chakula cha mwili kinabaki. Chekecheo likitoboka, chakula nacho kinatoka na mkojo, na kikipata moto kinaganda kama ute wa yai.

Kikaganda. Pale moto ulipogusa, mkojo ukawa mweupe. Munganga akatia matone ya siki.

"Kama iko chumvi tu, itapotea."

Weupe haukupotea. Akanitazama mimi.

"Mama, figo zako ziko mubaya. Leo utaenda ku lopitalo, batoshe mutoto mbele ya siku yake, ao mutakufa bote bawili."

Hospitali! Mwanangu angetolewa kabla ya wakati kwa ajili ya mkojo usio wangu! Nikisema, nimemwaibisha mama mkwe mbele ya mwanamume. Nikinyamaza, nampoteza mtoto.  Nikamgeukia mama mkwe. Kijiji kizima kilisifu mashavu yake yaliyojaa, kwamba mwanawe anamlisha vizuri. Sasa alikuwa anavuta kikwembe chake cha kiunoni kufunika vifundo vya miguu yake vilivyovimba.

"Munganga," akasema polepole, "ile iko yangu."

Munganga alifoka mpaka watu wa nje wakachungulia. Kisha akanipa chupa nyingine. Mkojo wangu ulichemka ukabaki safi. Akasema uvimbe wangu ni uzito wa mimba tu. Akambonyeza mama mkwe mguuni kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Alimkataza chumvi. Hakusema kama atapona, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Binti yangu alipozaliwa, mama mkwe alikataa kumpakata.

"Nilitia ugonjwa yangu mu chupa ya jina yako," akaniambia. "Usimulete karibu. Itamufuata."

 Nami niliogopa, sitasema uongo; niliogopa kama yeye. Nikamweka mtoto mapajani pake, nikaketi karibu nikiwaangalia wote wawili.