Maneno Saba ya Hanar

Pale Kani Sur, mpakani, tulikuwa na nyaya mbili za telegramu, na hazikugusana. Waya wa Sultani ulitoka Baghdad ukaishia kwenye nyumba ya chokaa, upande wa magharibi wa kijito. Waya wa Shah ulitoka Tehran ukaishia kwenye nyumba ya udongo, upande wetu. Baina ya nyumba na nyumba palikuwa na hatua mia nane, na hatua hizo zilikuwa za Shamurad.

Kila asubuhi alivuka kwa karani wa Sultani, Shefik Efendi, akachukua telegramu zilizoandikwa usiku, akazitia kwenye mfuko wake wa ngozi na kumletea Mirza Yadollah, karani wa Shah, aliyezigonga upya kwenye waya wake. Kisha akarudi na za huku. Miaka kumi na tisa, matope na theluji. Waungwana wa Tehran walijisifu kwamba habari zinawafikia kwa umeme. Hawakujua kuwa mahali fulani njiani umeme huo ulivaa viatu vya kitambaa na kuugua goti.

Kwa nini nyaya zisiungwe? Usiniulize mimi, waulize wakubwa. Kila neno lilikuwa na bei, na kila serikali ilitaka kipande kikubwa cha bei hiyo, na kila serikali ilitaka karani wake ndiye akalie fundo. Waingereza nao, wenye waya wao kule kusini, hawakutaka bei ya huku ishuke ikawachukulia wateja. Wakakutana, wakaandikiana, wakanuniana, mwaka baada ya mwaka. Sisi tulikuwa tunasubiri kipande cha waya.

Siku Shamurad alipoajiriwa, makarani wawili walikutana naye juu ya mawe katikati ya kijito. Walimega mkate mmoja mara tatu, wakauchovya kwenye chumvi, wakala. Kiapo kilikuwa kifupi: mchukuzi hataulizia kilichoandikwa, karani hatamwambia, na hakuna neno litakalomfikia mtu kabla halijalipiwa pande zote mbili. Kila karani aliyekuja baadaye, Shefik naye, aliila chumvi hiyohiyo. Kwetu mtu akivunja chumvi aliyoila na wenzake, hata kwenye maziko yake watu huenda wakijivuta.

Shamurad alikuwa na mtoto mmoja tu, Hanar. Mama yake alifariki mapema, baba akamlea mwenyewe, akampikia, akamsuka nywele vibaya mpaka wanawake wa jirani wakamcheka. Aliolewa na Heybet, fundi wa matandiko ya farasi huko Baghdad, mwendo wa siku nne kwa nyumbu. Siku ya kuondoka alimshika baba yake mkono.

"Utakuja lini, baba?"

"Nyaya zikiungwa, mwanangu. Siku hiyo nitakuwa sina kazi. Nitakuja nikae mpaka unichoke."

"Basi sema hutaki kuja," alisema Hanar, huku anacheka na kulia.

Ikapita miaka mitano.

Vuli moja ugomvi wa bei ulichacha. Amri ikatoka pande zote mbili: neno lolote lisivuke mpaka wakubwa waelewane. Telegramu hazikuacha kuja. Shefik Efendi aliziandika, akazitia kwenye mfuko wa Shamurad na kuutundika msumarini. Shamurad aliamriwa afike kila asubuhi awe tayari, naye akafika, akakaa chini ya msumari ule kunywa chai.

Siku ya tatu iliingia telegramu moja kutoka Baghdad. Ilikuwa na maneno saba: "Hanar mgonjwa sana. Anamwita baba. Njoo upesi." Ilikuwa ya Shamurad mwana wa Allahverdi, wa Kani Sur, upande wa Shah. Shefik aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Shamurad alikaa upande wa Shah, kwa hiyo maneno yale yalikuwa maneno ya kuvuka. Akayatia kwenye mfuko.

Usiku ule, walisema watu wa nyumbani kwake, Shefik hakula. Alikuwa kijana mwenye watoto sita, na mtangulizi wake alifukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. Mimi namwelewa. Kumsamehe ndiko kunakonishinda.

Siku ya nne alimmiminia Shamurad chai yeye mwenyewe.

"Ami, huna hamu ya kumwona Hanar?"

"Swali gani hilo, Efendi? Hamu ninayo tangu alipopanda nyumbu."

"Basi nenda wiki hii. Kazi imesimama."

"Imesimama, haijafa. Wakielewana jioni hii, nani atavusha?"

"Nitavusha mimi."

"Na tumbo hilo? Utakiziba kijito, tuje tukose maji ya bustani."

Shefik hakucheka. Aliutazama mfuko pale msumarini, akateremsha sauti. "Ami, hebu leo tuiweke chumvi kando. Saa moja tu. Mimi na wewe, hakuna wa tatu."

Shamurad akaweka glasi chini. Mwaka uliotangulia mfanyabiashara mmoja wa sufu alimwahidi dhahabu ili achungulie bei za Baghdad, na alianza kwa maneno hayohayo.

"Nani amekutuma, Efendi?"

"Hakuna aliyenituma. Naapa."

"Basi usirudie. Miaka kumi na tisa sijasikia neno lisilolipiwa. Nikianza leo, jana nilikuwa nani?"

"Ami, kuna maneno mengine ni..."

Shamurad aliziba masikio kwa viganja viwili, mtu mzima na mvi zake, akatoka vivyo hivyo mpaka mlangoni, mpaka barabarani. Shefik alisimama kizingitini. Angeweza kupiga kelele. Viganja havizuii kelele ya mtu anayetaka kusikika. Hakupiga.

Shamurad akavuka kijito kifua mbele, akamwambia Mirza Yadollah, "Leo Efendi amenijaribu. Nimemshinda." Mirza alimsifu, akampa kipande cha sukari.

Siku ya tisa iliingia telegramu ya pili. Siku ya kumi na nne wakubwa wakaelewana.

Shamurad alikuja mbio na goti lake, mfuko umefura kifuani, furaha tele. Mirza alianza kuzipanga karatasi. Akafikia moja, akaisoma mara mbili, akatafuta kwenye rundo mpaka akapata nyingine.

"Kaa chini, ndugu yangu."

"Sikai. Nina safari ya pili."

"Kaa, Shamurad. Mbili hizi ni zako. Zimelipiwa."

Akamsomea ya kwanza, yale maneno saba. Akamsomea ya pili: "Hanar amefariki leo. Mtoto wake mzima."

Shamurad hakulia papo hapo. Aliuliza, "Ya kwanza ilifika siku gani?"

"Ya tatu."

Akahesabu kwa vidole, polepole. Chai ya Efendi ilikuwa siku ya nne. Njia ni siku nne. "Ningefika ya nane," alisema. "Ya nane, Mirza. Angali hai." Kisha akavigeuza viganja vyake akavitazama, na hapo ndipo alipolia. Mirza aliye na cheo na kofia alikaa naye chini kwenye udongo.

Shefik alikuja matangani, akakaa karibu na mlango, uso umemvimba kwa kulia. Shamurad alimsogezea mkate. Chumvi hakuiweka. Wote tuliona.

Katika makubaliano yale ya bei, wakubwa walikubali pia kuunga nyaya. Mafundi walikuja majira ya kuchipua, wakafunga kipande kilichobaki kwa nusu siku. Nusu siku, baada ya miaka yote hiyo. Kondoo akachinjwa, hotuba zikasomwa, na ikatangazwa kwamba siku hiyo kila mtu wa Kani Sur anaruhusiwa kutuma maneno kumi bila malipo. Watu walijazana kuwasalimu binamu ambao hawakuwapenda.

Shamurad alikuja mwisho, ameshafunga mzigo wake mgongoni.

"Sema, ndugu yangu," alisema Mirza. "Leo ni bure."

"Ya bure sitaki. Weka bei, ya huku na ya kule." Akaweka fedha mezani. "Andika: Baba anakuja."

"Iende kwa nani? Kwa Heybet?"

"Kwa Hanar binti Shamurad, Baghdad."

Mkono wa Mirza ukasimama. "Shamurad, Hanar si..."

"Najua aliko. Aliniita, Mirza. Lazima ajibiwe."

Mirza alizihesabu fedha, akaandika stakabadhi, akagonga maneno mawili yale na jina la marehemu. Shamurad alisubiri mpaka Mirza alipomaliza kugonga. Kisha akakaza kamba za viatu, akavuka kijito chini ya waya, akaipita nyumba ya chokaa bila kugeuka, akaishika njia ya Baghdad.