Dosta, Yaani Inatosha

Kwetu milimani Montenegro, mwanamke akizaa mabinti watupu, wa mwisho huitwa Dosta, yaani inatosha, ili Mungu asikie alete mvulana. Mimi ni binti wa nne, na jina hilo likaniangukia mimi. Mwaka uliofuata akazaliwa mdogo wangu wa kiume, Vukota.

"Jina lako limeshafanya kazi," shangazi alizoea kunicheka. "Sasa wewe mwenyewe wa nini?"

Dada zangu waliolewa. Mimi nilibaki nikikamua kondoo, nikimpikia Vukota na kumuuguza mama. Vukota alipoangukiwa na mti msituni akafa, ni mimi niliyemwosha.

Makaburini, udongo ulipoanza kumwagwa, mama alipaza sauti: "Dosta! Dosta!"

Nilipenya mbio katikati ya watu, nikamkumbatia. "Niko hapa, mama." Tangu utotoni nilikuwa nikingoja aniite hivyo, kwa kunihitaji, mbele za watu.

Akanisukuma kifuani. "Nani kakuita wewe? Namwambia Mungu, inatosha!"

Nilirudi nyuma, nikasimama pamoja na wageni waliokuja kuzika.