Swichi Nane Juu ya Kichanja cha Kahawa

Krismasi moja mume wangu alipitisha kidole juu ya swichi ya sebuleni, akakitazama, akasema, "Nyumba yangu inachakaa mikononi mwako." Kesho yake akarudi Dar. Nikabaki Marangu na mama yake, na swichi nane za plastiki alizozinunua Tarakea wakati tunajenga. Zilikuja nyeupe pe. Sasa zilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara.

Kwetu Desemba ndio mwezi wa wanaume kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata nikajiambia, zikiwa nyeupe, pengine atakaa hadi mwaka mpya. Ulikuwa ujinga, najua, lakini sikuwa na kingine cha kushika.

Nilizima umeme kwenye meni swichi, nikafungua vifuniko kwa bisibisi. Kwanza nilivisugua kwa magadi yaleyale ya kupikia maharage. Uchafu ukatoka, umanjano ukabaki palepale. Mama mmoja mwenye saluni Kiboriloni akanipa dawa ya kugeuza nywele rangi, ile inayotoa weusi, na maelekezo yake: paka, funga kwenye nailoni, weka juani, isikauke. Nikavipanga vyote vinane juu ya kichanja cha kahawa, ambacho tangu bei ianguke kilikuwa cha kuanikia nguo tu.

Mama mkwe akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kahawa imetushinda, sasa tunavuna swichi?"

Akacheka peke yake. Jua lilikuwa likiingia mawinguni kila mara, kwa hiyo kazi ilichukua siku nne, na siku zote nne tuliwasha kibatari. Mwishowe vikawa vyeupe. Sikufurahi sana. Nilivirudishia ukutani tu.

Mume wangu alifika mchana wa mkesha wa Krismasi. Hata hajaketi, akaziona swichi.

"Fundi gani amekuja hapa?"

"Hakuna fundi. Ni zilezile."

"Mimi si mtoto. Nani anakununulia swichi?"

"Nimezisafisha."

Akatoka kwenda jikoni kumuuliza mama yake. Niliwasikia vizuri kabisa.

"Mkeo kazianika pale nje siku nne," mama alisema. "Mpaka nikadhani amerukwa na akili."

Ndipo akaamini. Akarudi, akabonyeza swichi, taa ikawaka, akaizima. "Basi sawa," akasema, akaomba maji ya kuoga. Ningependa kusema nilikasirika. Nilikwenda kuteka maji.

Mwaka huo alikaa hadi mwaka mpya, tena akapitiliza wiki nzima. Aliwaambia hata majirani kwamba nyumba yake imependeza. Kila asubuhi nilimpelekea chai, nikaiweka mezani, na kila asubuhi nikawa najiuliza ataondoka lini.